Maksai na punda wa kikapu: walishwe nini, lini, na kwa kipimo gani

Kila mwaka mahindi yakikaribia goti, swali ni lile lile. Huku Kilosa linatoka Kimamba, linatoka Rudewa, linatoka vijiji vya pembeni mwa Hifadhi ya Mikumi: maksai wangu wanavaa kikapu cha mdomo wakati wa palizi ili wasile mahindi, na punda namvalisha akipita katikati ya mashamba ya watu. Je, nimpe nini cha ziada asikonde?

Wengine wanauliza dawa ya kunenepesha. Wengine wameshanunua mfuko wa madini na wanataka kujua waumwage wapi. Na kila mwaka kuna anayeuliza kama anaweza kumwaga pumba ndani ya kikapu chenyewe mnyama ale huku anafanya kazi. Huyo nimjibu hapa hapa: hapana. Pumba kavu ndani ya kikapu zinaingia puani, na mnyama anayehema kwa kazi atazivuta hadi mapafuni.

Wengine nao wananitajia farasi wa Ulaya waliowaona kwenye picha, wamefungwa vikapu huku wakichungwa malishoni, na wanataka kuiga utaratibu wa kule. Taratibu. Farasi yule anavalishwa kwa sababu ananenepa kupita kiasi: nyasi za kwao zimejaa sukari, kazi hana, na unene ukizidi kwato zinawaka moto. Kikapu chake kina tundu chini ili apate nyasi kidogo kidogo, na nyongeza anayopewa ni madini na vitamini tu, shibe anayo tele. Huku kwetu farasi ni wa kutafuta kwa tochi, maana ndorobo hawamwachi, na kuna homa ya farasi inayoenezwa na visubi ambayo humwua kwa siku chache. Sisi tuna maksai na punda. Kikapu chetu hakina tundu, na mnyama anayekivaa anafanya kazi. Kinachofaa kuiga kwa wale ni kimoja tu: hawampi mnyama nyongeza kabla ya kujua kikapu kimemnyima nini.

Kikapu kimechukua muda

Maksai wa kienyeji mwenye kilo 300 hivi anahitaji chakula kikavu kilo 6 hadi 8 kwa siku. Kwa nyasi mbichi za masika, ambazo sehemu kubwa ni maji, hiyo ni kilo 30 hadi 40. Kuzikata kwa ulimi, fungu kwa fungu, kunamchukua saa 8 hivi. Kisha anahitaji saa nyingine 6 hadi 8 za kulala na kucheua. Ukimfunga nira saa 12 asubuhi, ukamwachia saa 8 mchana, ukamrudisha zizini saa 12 jioni, umempa saa 4 za kuchunga. Hata akifungwa kwenye bonde la Mkondoa lenye nyasi hadi kifuani, hatamaliza kazi yake ya kula.

Punda ni mdogo, kilo 130 au 150, na chakula kikavu cha kilo 2 hadi 3 kinamtosha. Ila tumbo lake halijaumbwa kujazwa mara moja kama la ng'ombe. Anakula kidogo kidogo mchana na usiku, na akikaa muda mrefu bila kitu tumboni ndipo matatizo yanapoanza.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu, na usiruke namba:

1. Rudisha muda wa kula.
2. Maji.
3. Chumvi na madini.
4. Pumba na mashudu.

Barua nyingi ninazopata zinaanzia namba 4. Mtu anaeleza kwa kirefu aina ya mashudu aliyonunua, na mstari wa mwisho unasema mnyama yuko kwenye nira hadi saa 9 alasiri.

Muda unarudishwaje? Kazi ya nira ifanyike kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi, basi. Jua la tambarare ya Mkata likishapanda, maksai anafanya nusu ya kazi kwa jasho mara mbili, na palizi inayofuata inaweza kusubiri kesho. Kikapu kivuliwe pale pale shambani kazi inapoisha, kabla ya kutembea kurudi, isipokuwa kama njia inapita katikati ya mahindi ya jirani. Na usiku weka nyasi zilizokatwa zizini. Ng'ombe usiku atakula kiasi kisha atacheua. Punda ataendelea kutafuna hadi alfajiri, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote unayoweza kumfanyia.

Kuna wanaopenda kuwachunga usiku ili kufidia. Kwa aliye mbali na hifadhi, anaweza kujadiliana na familia yake. Kwa aliye pembeni ya Mikumi, mwenye kusikia fisi kila usiku na simba mara moja moja, hakuna mjadala: kata nyasi mchana, leta zizini.

Kikapu chenyewe kikaguliwe

Kilosa ni nchi ya mkonge, na kamba ya mkonge ndiyo inayosukwa vikapu vingi. Ni nzuri, ni rahisi, lakini inakwaruza, na ikiloa mvua fundo lake linakaza. Kikapu kilichomtosha jana kinaweza kumbana leo. Wapo wanaosuka kwa waya mwembamba. Hao wahakikishe ncha zote zimekunjwa kwenda nje.

Angalia haya kila asubuhi, kwa vidole, usikadirie kwa macho:

- Kati ya midomo na sakafu ya kikapu pawe na nafasi ya vidole vitatu au vinne.
- Maksai aweze kufungua mdomo na kutoa ulimi nusu. Ng'ombe akipata joto huhema kwa mdomo; kikapu kinachombana kinamzuia kupoa.
- Matundu ya pua ya punda yawe wazi kabisa. Punda hapumui kwa mdomo. Tope au majani yakiziba kikapu mbele ya pua, hana njia nyingine.
- Kamba ya kisogoni ilegee kiasi cha kupitisha vidole viwili, lakini isivuke masikio anapotikisa kichwa.
- Palipotoka manyoya, zungushia kitambaa cha pamba siku hiyo hiyo. Kidonda cha mdomoni humfanya mnyama akatae kula hata akivuliwa kikapu, na wewe utadhani chakula ndicho kibaya.

Usimwache mnyama mwenye kikapu peke yake, hata kwa dakika za kwenda kunywa chai. Kikapu hunasa kwenye kisiki, na punda aliyenaswa atajivuta hadi ajiumize. Na kikapu hakilali na mnyama. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na mnyama aliyekeshwa amefungwa mdomo bila chakula wala maji ni kesi, mwenye mnyama asije kusema hakujua.

Maji kabla ya chumvi

Maksai wa kazi kwenye joto la Kilosa anaweza kunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, na punda lita 15 hadi 20. Wapelekewe maji shambani kwa madumu kama mto uko mbali. Kivue kikapu anaponywa. Najua kuna wanaosema ng'ombe anaweza kunyonya maji kupitia nyavu za kikapu. Anaweza, lakini anakunywa nusu ya haja yake na kuchoka, halafu kikapu kilicholowa kinamkaza mchana kutwa.

Punda ni mchaguzi wa maji. Maji yenye harufu, yenye matope, au yaliyoguswa na dumu la mafuta, atayakataa na kuvumilia kiu bila kulalamika. Kuvumilia kwake kusikudanganye. Mpe maji safi mara mbili au tatu kabla ya jioni.

Sasa chumvi. Jasho la kazi hubeba chumvi, na nyasi zina chumvi kidogo sana. Vipimo vya kuanzia:

- Maksai: vijiko viwili vya chakula vya chumvi kwa siku.
- Punda: kijiko kimoja kidogo asubuhi na kimoja jioni, au kijiko kimoja cha chakula siku ya kazi nzito.

Jiwe la kulamba ni zuri, ila kwa mnyama wa kikapu lina hila yake: likiwekwa malishoni mchana, yeye yuko kazini, wengine wanalimaliza. Liweke zizini, chini ya paa, ndani ya kihori. Punda ana ulimi laini kuliko wa ng'ombe, kwa hiyo jiwe gumu halimfai sana. Mchanganyie chumvi ya unga kwenye pumba.

Kwa walio pembeni ya hifadhi kuna onyo la ziada. Jiwe la chumvi likikaa wazi usiku linaita wanyama wa porini. Nyati akilamba jiwe moja na ng'ombe wako, amekuachia mate, na mate ni njia mojawapo ya ugonjwa wa midomo na miguu. Pumba na molasi navyo vinamvuta tembo, ambaye ukuta wa udongo kwake si kizuizi. Hifadhi chakula mbali na chumba mnacholala.

Na magadi? Wazee wa Kimaasai wa Parakuyo na Twatwatwa wamelambisha mifugo magadi miaka mingi na wanajua wanachofanya. Lakini magadi hayachukui nafasi ya madini ya dukani: hayana fosforasi ya kutosha, na baadhi yana floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa yakitumiwa kila siku. Yawe kionjo.

Ukiona ng'ombe anatafuna mifupa, matambara au udongo, mara nyingi anatafuta fosforasi, ambayo hupungua sana kwenye nyasi kavu. Mpe madini ya ng'ombe yenye fosforasi, na uokote mifupa yote malishoni. Mfupa wa mzoga unaweza kubeba sumu inayopooza mwili, na ng'ombe akishapooza hakuna cha kufanya.

Pumba na mashudu, kwa kipimo

Hapa ndipo wengi mlipokuwa mnapangojea. Nyongeza ya pumba ina maana siku za kazi, na kwa mnyama ambaye uti wa mgongo na mbavu zimeanza kuonekana. Mnyama aliyenona anayechunga nyasi za masika na kufanya kazi saa mbili anahitaji chumvi, maji na usingizi.

Kwa maksai wa kilo 300, siku ya kazi:

- pumba za mahindi kilo 1 hadi 2, zigawanywe asubuhi na jioni;
- mashudu ya alizeti nusu kilo;
- chumvi vijiko viwili vya chakula;
- madini ya ng'ombe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Kama tayari yana chumvi, punguza ile uliyokuwa ukiongeza.

Kwa punda wa kilo 130 hadi 150, siku ya kazi:

- pumba za mahindi zisizidi nusu kilo kwa mlo mmoja, na kilo 1 kwa siku;
- mashudu ya alizeti konzi mbili;
- chumvi kama nilivyosema juu;
- chokaa ya mifugo, kijiko kimoja cha chakula kwa kila nusu kilo ya pumba.

Hiyo chokaa nifafanue, maana ndiyo wanayoisahau. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Punda akilishwa pumba miezi mingi bila kurekebisha, mwili unachota kalsiamu kutoka mifupani, na mifupa ya uso huvimba na kulainika. Zamani farasi wa wasaga nafaka wa Ulaya waliugua hivyo kwa kushibishwa pumba za bosi wao. Nyasi zetu nazo huongeza tatizo: baadhi ya nyasi za nchi za joto, kama zile ndefu za jamii ya seteria, zina kitu kinachoikamata kalsiamu tumboni isifike kwenye damu. Ng'ombe ana vijidudu wa tumboni wanaokivunja, punda hana. Nunua chokaa ya mifugo kwenye duka la pembejeo. Ile ya kupaka nyumba inaunguza mdomo na koo.

Pima kwa kopo moja lisilobadilika. Lipime mara moja kwenye mizani ya dukani, chora mstari, halafu tumia lile lile kila siku. Kisado cha pumba laini na kisado cha mashudu havilingani uzito.

Anza polepole. Siku ya kwanza robo ya kipimo, ongeza hadi kifike chote baada ya siku 10 au wiki mbili. Tumbo la ng'ombe ni shamba la vijidudu wanaozoea chakula. Ukimbadilishia ghafla kwa pumba nyingi, tumbo linageuka tindikali, anahara, anaanguka. Wiki ya palizi ikifika ndipo unaanza kumjaza pumba, umechelewa. Na usimlishe pumba mnyama aliyetoka tu kwenye nira akiwa anahema. Maji kwanza, kivuli, nyasi, na baada ya saa moja ndipo kihori.

Punda si ng'ombe mdogo

Hapa ningeomba msome taratibu. Watu wengi hapa wanafuga ng'ombe kwa ujuzi wa vizazi, kisha wananunua punda wa mkokoteni na kumlisha kwenye kihori kile kile. Vitu vinavyomfaa ng'ombe vinaweza kumwua punda usiku mmoja.

*Chakula cha kuku.* Baadhi ya vyakula vya kuku, na vingine vya kunenepesha ng'ombe, vimechanganywa dawa ya kuzuia kuhara damu. Dawa za aina ya monensini na salinomisini ni salama kwa kuku kwa kipimo chao, lakini kwa jamii ya farasi na punda zinavunja misuli ya moyo. Kipimo kidogo kinatosha. Usimpe mabaki ya chakula cha kuku, usitumie ndoo yake bila kuiosha, na usimwache alale karibu na mfuko uliofunguliwa.

*Mahindi yenye ukungu.* Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na tangu hapo wengi wamejifunza kutenga mahindi mabovu. Kosa ni kusema, basi haya tumpe punda. Ukungu wa mahindi una sumu zaidi ya moja, na ipo inayoozesha ubongo wa punda: anaanza kuzunguka, anagonga kuta, anakuwa kama kipofu, anakufa. Kilosa mafuriko si habari ngeni. Aliyekuwepo wakati Mkondoa ilipovunja kingo mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 anajua mahindi yaliyoloa ghalani yanavyofanana. Mahindi hayo hayana mnyama wa kupewa. Yafukie.

*Urea.* Ng'ombe mkubwa aliyezoeshwa anaweza kufaidi urea kidogo kwa sababu ya vijidudu wa tumboni mwake. Punda hafaidi chochote, na akila nyingi inamdhuru. Tofali la molasi na urea liwekwe asipofika.

*Lukina.* Majani yake yana protini nyingi, na ng'ombe anaweza kula kama thuluthi moja ya chakula chake. Punda akiyala kwa wingi singa za shingoni na mkiani zinanyonyoka. Mwonjeshe konzi, au umpe majani ya karanga na matembele yaliyonyaushwa juani badala yake.

*Maotea ya mtama.* Hili ni la wote. Mtama mchanga, au uliokauka kwa jua kisha ukachipua baada ya mvua moja, una sumu inayokata pumzi. Usichungie humo hadi umepita urefu wa kiuno na mvua zimekaa sawa.

Na wenye kondoo kwenye boma hilo hilo: madini ya ng'ombe yana shaba ambayo kondoo hawezi kuitoa mwilini. Wafungie mbali na kihori cha maksai.

Jambo moja zaidi kuhusu punda. Akiwa mnene kisha akaacha kula ghafla, kwa hofu, kwa maumivu au kwa kukeshwa kwenye kikapu, mafuta ya mwili yanamwagika kwenye damu na kuziba ini. Kwa hiyo usiwahi kumfungia chakula punda mnene ili akonde. Mwondolee pumba zote, mwachie nyasi kavu na maji, na kazi ya kila siku itamaliza mengine. Punda ambaye hajagusa chakula tangu jana jioni ni mgonjwa wa dharura, hata kama amesimama kimya. Kimya ndiyo tabia yake.

Kabla ya plau, wakati wa kiangazi

Palizi inawakuta wanyama na nyasi mbichi. Plau inawakuta mifupa. Kati ya Juni na Oktoba nyasi za Mkata zinakuwa makapi: zipo nyingi, lakini protini yake inashuka mno, vijidudu wa tumboni wanasinzia, na ng'ombe anashiba asichokitumia. Pumba peke yake haisaidii sana hapo. Anachokosa ni protini.

Kwa maksai, kuanzia Septemba hivi, usingoje mvua za vuli:

- Mashudu nusu kilo hadi kilo moja kwa siku, hata kama pumba hazipo.
- Mabua ya mahindi na majani ya mpunga yakatwe vipande na yarushiwe maji ya chumvi kidogo, anayala vizuri zaidi.
- Majani ya kunde, maharage na karanga yavunwe yakiwa bado kijani na kuanikwa kivulini. Fungu moja la hayo linashinda mafungu kadhaa ya mabua.
- Walio upande wa Ruhembe na Kidodi wana vilele vya miwa na wakati mwingine molasi. Molasi ni tamu na inatia hamu ya kula, lakini haina protini. Kikombe kimoja kilichozimuliwa kwa maji, kinyunyiziwe mabua.

Mabua yanaweza kulainishwa kwa urea: kilo 4 za urea ziyeyushwe kwenye lita 60 za maji, zinyunyizwe sawasawa juu ya kilo 100 za mabua makavu, yafunikwe kwa turubai yasipitishe hewa kwa wiki tatu. Yafunue na uyaache yapate hewa hadi harufu kali ipungue ndipo ulishe. Ni kwa ng'ombe wakubwa peke yao, ndama chini ya miezi sita hapana, na maji yenye urea yakibaki kwenye ndoo yamwagwe mahali ambapo hakuna mnyama atakayeyanywa. Ng'ombe mwenye njaa akinywa urea iliyoyeyushwa atakufa kabla hujamaliza kupiga simu. Kama hujawahi kufanya, mwite afisa mifugo asimamie mara ya kwanza.

Mabua yenyewe yatoke wapi? Kilosa kila mtu anajua gharama ya mfugo kuingia shamba lisilo lake. Zungumza na mkulima kabla ya mavuno, mkubaliane bei au samadi, yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na uyabebe kwa mkokoteni wako kuyapeleka zizini. Unalipa mara moja, na unalala usingizi.

Mnayonijibu kila mwaka

"Mababu hawakutoa madini." Ni kweli. Walikuwa na Mkata yote ya kuhamia, na ng'ombe alijitafutia ardhi ya chumvi. Wewe una ekari nne na barabara ya lami.

"Nikimwachia saa 4 sitamaliza palizi." Ukiwa na jozi mbili za maksai unaweza kuzibadilisha. Ukiwa na jozi moja, anza palizi mapema magugu yakiwa madogo. Kazi inakuwa nyepesi kwa nusu. Ukingoja magugu yafunge njia, hata saa 10 za nira hazitoshi.

"Punda huishi kwa nyasi tu." Anayeishi bila mkokoteni, ndiyo. Halafu angalia soko: biashara ya ngozi imepunguza punda hadi Umoja wa Afrika ukaipiga marufuku mwezi Februari 2024. Kumpata mwingine si rahisi kama zamani.

"Madini ni ghali." Chumvi ya kawaida si ghali. Anza na hiyo, kwa kipimo, kila siku. Mfuko wa madini unaotolewa mara moja kwa mwezi ni hela iliyotupwa.

Akikonda pamoja na yote hayo

Mpe wiki sita. Kila Jumapili pitisha mkono mgongoni na mbavuni, na upime kifua kwa kamba nyuma ya miguu ya mbele, ukiweka fundo mahali ulipofika. Macho hudanganya, maana manyoya ya kiangazi huficha mbavu, na tumbo la nyasi nyevu huonekana kama unene.

Fundo likirudi nyuma, acha kuongeza pumba. Tafuta mwizi mwingine:

- Nagana. Ukanda wa Mikumi una ndorobo. Mnyama anakonda huku anakula, fizi zinakuwa nyeupe, tezi zinavimba, anachoka mapema kwenye nira. Dawa ipo, lakini kipimo cha ng'ombe hakimfai punda. Baadhi ya dawa zina nafasi ndogo sana kati ya kumponya na kumdhuru.
- Minyoo. Peleka kinyesi kibichi kwa afisa mifugo kabla ya kununua dawa ya kubahatisha.
- Meno. Punda mzee hudondosha vidonge vya nyasi zilizotafunwa nusu. Huyo apewe pumba zilizolowekwa na nyasi laini zilizokatwa fupi.
- Vidonda vya nira na lijamu. Maumivu hula mwili.
- Kwato. Punda anayesimama akiegemea nyuma, kwato zake zina joto, ameshapewa nafaka kupita kiasi. Ondoa pumba leo, na umwite mtaalamu leo.

Unapompigia afisa mifugo wa kata, mwambie mnyama ana umri gani, anafanya kazi saa ngapi, anavaa kikapu kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, alikula nini siku tatu zilizopita, na fundo la kamba lilikuwa wapi mwezi uliopita. Mifuko ya chakula na madini usiitupe; mwonyeshe maandishi yake.